Chuma Kilimwagwa, Magamba Hayakuota: Kisa cha LOHAFEX

Tarehe 7 Januari 2009 meli ya utafiti Polarstern iling'oa nanga Cape Town ikashika njia ya kusini-magharibi. Walioongoza safari walikuwa wawili: Victor Smetacek wa Taasisi ya Alfred Wegener, Bremerhaven, Ujerumani, na Wajih Naqvi wa Taasisi ya Taifa ya Elimu ya Bahari ya India, iliyoko Goa. Shehena iliyowaingiza magazetini kabla hawajafika walikokwenda ilikuwa salfeti ya chuma, tani 20, ambayo walikusudia kuiyeyusha na kuimwaga katika Bahari ya Kusini, ile inayoizunguka Antaktika. Jaribio lilipewa jina LOHAFEX.

Maji ya huko yana virutubisho vya naitreti na fosfeti tele, lakini mwani haustawi inavyotarajiwa kwa sababu chuma ni haba. Ukiupa chuma, unaota na kufyonza hewa ukaa. Hilo lilishajulikana. Lililokuwa likitafutwa ni hatima ya kaboni hiyo: inazama mpaka kilindini na kukaa huko karne nzima au zaidi, ama inaliwa juu juu na kurudi hewani baada ya wiki chache?

Walimwaga chuma mara mbili, wakakifuatilia kipande cha bahari chenye kilomita za mraba 300 kwa siku 39. Klorofili, yaani kipimo cha wingi wa mwani, iliongezeka maradufu. Kaboni iliyofika kwenye mitego ya kukinga kinachozama, iliyotegwa kina cha mita 200, haikuongezeka. Magazeti yakaandika kwamba wazo la kurutubisha bahari limegonga mwamba, na wengi mpaka leo wanalitaja LOHAFEX kama mfano wa jaribio lililofeli. Nadhani wamekisoma kisa hiki kichwa chini miguu juu. Jibu lilipatikana, na lilikuwa safi kuliko la majaribio kadhaa yaliyotangulia, ila wengi walikuwa wamekodolea macho chuma. Ilibidi watazame mwani ulioota ulikuwa umevaa nini.

Wenye magamba na walio uchi

Planktoni zinazoelea katika tabaka la juu la bahari hazifanani kwa mavazi. Diatomu hujijengea gamba la silika, kioo kwa kweli, la vipande viwili, cha juu kikifunika cha chini. Kokolitofori hujifunika vibamba vidogo vya chokaa, yaani kalisi kaboneti. Foraminifera nao hujenga vyumba vya chokaa, ingawa hawa si mwani bali ni viumbe wa seli moja wanaokula wengine. Halafu kuna kundi kubwa la mwani mdogo wenye mijeledi ya kuogelea, usio na gamba la madini hata kidogo, pamoja na Phaeocystis anayeweza kuishi kwa makundi ndani ya utelezi.

Msomaji wa Kenya anaweza kuyaona magamba ya diatomu bila hadubini. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna machimbo ya mwamba mweupe unaopakaa vidole kama chaki. Mwamba ule ni mashapo ya ziwa la kale, na mashapo hayo ni magamba ya diatomu wa maji yasiyo na chumvi yaliyorundikana juu ya mengine. Kipande chake ni chepesi mkononi kwa sababu kimejaa vitundu vya hewa. Silika yenyewe si nyepesi: ina takriban gramu 2.1 kwa sentimita ya ujazo, na kalisaiti, aina ya chokaa inayotumiwa na kokolitofori na foraminifera, ina 2.7. Maji ya bahari yana 1.03, na nyama ya mwani inayazidi kwa kiasi kidogo sana. Seli iliyokufa isiyo na gamba haina haraka ya kwenda popote.

Ndipo ikaja nadharia ya farumi. Jahazi lisilo na shehena hutiwa mawe au mchanga ngamani ili litulie. Kwa mabonge ya mwani uliokufa, uzito wa magamba ungeleta kasi ya kushuka. Mwaka 2002 hoja hiyo ilipata nguvu kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Robert Armstrong na wenzake walionyesha kwamba katika mitego ya mashapo iliyowekwa kilindini sana, kaboni ya viumbe inakaribia kuwa sehemu ileile ya uzito wote unaoanguka, kama asilimia 5, karibu popote unapopima. Christine Klaas na David Archer walikusanya takwimu za mitego ya bahari mbalimbali, wakakuta kwamba asilimia 83 hivi ya kaboni ya viumbe inayoanguka chini ya mita 1,000 duniani inaambatana na chokaa. Silika ilikuja nyuma kwa mbali.

Takwimu za namna hiyo zinashawishi, na ndiyo sababu zinahitaji kukaguliwa. Uta Passow aliuliza mwaka 2004 swali ambalo lilistahili kuulizwa mapema: huenda uhusiano unakwenda upande wa pili. Mabonge ya mwani hunata. Yakiwa njiani yanaokota vumbi, vibamba vya chokaa na vipande vya magamba, mpaka hayawezi kubeba zaidi. Ikiwa ni hivyo, kaboni ndiyo inayoamua madini kiasi gani yatashuka, na ule uwiano thabiti wa kilindini unaonyesha tu bonge lililoshiba.

Mwaka 2010 Morten Iversen na Helle Ploug walitoa matokeo ya maabara yaliyonisaidia mimi kuliko mabishano yote. Walitengeneza mabonge ya diatomu, mabonge ya kokolitofori na mchanganyiko wa hao wawili, wakapima kasi ya kuzama na kasi ambayo bakteria wanaila kaboni. Yenye chokaa yalizama upesi zaidi. Lakini bakteria walikula kwa kasi ileile kote, takriban asilimia 13 ya kaboni kwa siku. Kwa hiyo madini hayakuwa ngao dhidi ya bakteria. Kilichobadilika ni muda wa safari.

Ukipiga hesabu kwa kiwango hicho utaona muda unavyouma. Bonge linaloshuka mita 50 kwa siku linahitaji siku 18 kutoka mita 100 hadi mita 1,000, na linafika likiwa na chini ya sehemu moja ya kumi ya kaboni yake. La mita 100 kwa siku linafika na kama theluthi moja, pengine pungufu kidogo. La mita 200 kwa siku linafika na zaidi ya nusu. Katika maji baridi ya kusini bakteria hula polepole zaidi, kwa hiyo tarakimu zenyewe zitapanda. Mpangilio wake unabaki uleule. Na hesabu hii inachukulia kwamba bakteria ndio pekee walio mezani. LOHAFEX ilionyesha kwamba sivyo.

EIFEX, au jaribio lililofanya LOHAFEX ieleweke

Miaka mitano kabla, mwanzoni mwa 2004, Polarstern hiyohiyo ilikuwa kusini ikifanya jaribio liitwalo EIFEX, Smetacek akiwa kiongozi. Walichagua mzunguko wa maji, sehemu ambapo mkondo unajikunja na kuzunguka mahali pamoja kwa wiki nyingi, karibu na latitudo 49 kusini na longitudo 2 mashariki. Faida ya mzunguko wa aina hiyo ni kwamba maji ya juu na ya chini yanakaa pamoja, kwa hiyo kinachoanguka unaweza kukitafuta palepale chini yake.

Maji yale yalikuwa na silika ya kutosha. Walipotia chuma, diatomu walilipuka, na mwani ukafikia kilele katika wiki ya nne. Kisha ukafuata msiba: diatomu wa aina kadhaa, Chaetoceros dichaeta akiwa mstari wa mbele, walikufa kwa wingi, minyororo na miiba yao ikasukana, utelezi ukaiunganisha, na mabonge yakaporomoka. Katika ripoti yao ya 2012 kwenye jarida la Nature, watafiti walihesabu kwamba angalau nusu ya mwani ule ilizama chini sana ya mita 1,000, na sehemu kubwa inaelekea ilifika sakafuni.

Aliyeisoma ripoti hiyo peke yake angesema: tia chuma, kaboni itazama. Na kweli wapo waliosema hivyo, wakiwamo waliotaka kuuza vyeti vya kaboni kwa tani zilizozamishwa. Wazo lenyewe lilikuwa na umri tayari. John Martin wa maabara ya Moss Landing, California, alikuwa ametania mwaka 1988 kwamba akipewa nusu meli ya chuma angeirudisha dunia katika enzi ya barafu.

Kilichotokea katika latitudo 48

Kabla ya kumwaga chochote, LOHAFEX ilikwama kisiasa. Mkutano wa Mkataba wa Bayoanuwai uliofanyika Bonn mwezi Mei 2008 ulikuwa umezitaka nchi zisiruhusu urutubishaji wa bahari isipokuwa tafiti ndogo za pwani. Mashirika ya mazingira yalipiga kelele, Wizara ya Mazingira ya Ujerumani ikataka jaribio lisitishwe, Wizara ya Utafiti ikaagiza tathmini huru na kutoa ruhusa mwishoni mwa Januari. Yapo mengi ya kusemwa kuhusu mvutano huo, lakini hayaelezi matokeo, kwa hiyo naupita.

Mzunguko waliouchagua safari hii ulikuwa karibu na latitudo 48 kusini na longitudo 16 magharibi. Ukiangalia ramani, si mbali sana na wa EIFEX kwa vipimo vya bahari. Ukipima maji, ni nchi nyingine. Naitreti ilikuwepo, chuma kilikosekana, sawa na kule. Silika iliyoyeyuka ilikuwa chini ya maikromoli 2 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya atomu au molekuli). Mawimbi ya diatomu wa asili yaliyotangulia yalikuwa yameshaifyonza na kuondoka nayo kwenda chini. Diatomu hawezi kugawanyika bila kujenga nusu mpya ya gamba kwa kila mtoto, na gamba halijengwi bila silika. Kwa mtu aliyejua kusoma namba hiyo moja, sehemu kubwa ya matokeo ilikuwa imeshaandikwa kabla chuma hakijagusa maji.

Tani 2 za chuma tupu zilimwagwa awamu ya kwanza, zikiwa ndani ya tani 10 za salfeti, na kiasi kama hicho kikarudiwa baadaye. Mwani uliitika. Ule uwezo wa seli kutumia mwanga, ambao huporomoka chuma kikikosekana, ulipanda kutoka 0.33 hadi 0.40 na zaidi, ishara ya seli zilizoondokewa na njaa. Uzalishaji uliongezeka maradufu. Lakini diatomu walibaki chini ya asilimia 10 ya uzito wa mwani wote. Waliojaa ni wale wadogo wenye mijeledi, walio uchi.

Kufuatilia kinachozama, watafiti walitumia njia mbili zinazokaguana. Ya kwanza ni thoriamu-234. Uraniamu iliyoyeyuka baharini huzalisha thoriamu hiyo wakati wote, kwa kiwango kinachojulikana. Uraniamu inabaki ndani ya maji, lakini thoriamu hung'ang'ania chembechembe. Chembe zikizama, huondoka nayo, na maji ya juu yanaonyesha upungufu. Kwa kuwa nusu ya thoriamu hiyo huoza katika siku 24, upungufu unasimulia habari za wiki chache zilizopita, muda uleule wa jaribio. Njia ya pili ni mitego ya kukinga mashapo, na si ile iliyofungwa kwenye kamba, ambayo mkondo huipita kwa kasi na kuivuruga, bali iliyosawazishwa ielee katika kina kimoja na kusafiri na maji. Ilitegwa mita 200 na mita 450, ndani ya kipande kilichotiwa chuma na nje yake.

Matokeo yanaposomwa kwa mpangilio wa kina yanasema wazi. Katika tabaka la juu, baada ya kuondoa iliyopumuliwa humohumo, ziada ya kaboni ilikuwa wastani wa milimoli 21 kwa mita ya mraba kila siku. Thoriamu ilionyesha kwamba zinazoshuka ni kama 6.3, na nje ya kipande, ambako hakuna chuma kilichomwagwa, zilikuwa karibu hizohizo. Mitego ya chini ilikinga chini ya 1.1 mara nyingi, na kilichokingwa kilikuwa kinyesi cha wanyama wadogo zaidi ya kitu kingine.

Kwa tani: ziada ya juu katika kilomita za mraba 300 ni kama tani 75 za kaboni kila siku. Zinazoanza kushuka ni tani 23 hivi. Zinazopita mita 200 hazizidi tani 4.

Zilizobaki zilikwenda wapi? Baadhi zilirundikana juu kama mwani hai. Nyingi zililiwa, na hapa ndipo pa kukaa kidogo. Kopepodi, wale krasteshia (jamaa wa kamba na kaa) wadogo kama punje, walikuwa wengi katika mzunguko ule na walikula kwa pupa. Mwani laini usio na gamba ni chakula rahisi kwao. Kinyesi chao kilianza kushuka kikiwa na kaboni ndani, lakini njiani kilikutana na wala-mabaki wanaokivunja na kukila upya. Kaboni ileile ikapita tumbo la pili, la tatu, kila mara sehemu yake ikipumuliwa na kurudi majini. Kati ya mita 100 na 200 peke yake mvua ile ya kinyesi na mabaki ilikatika karibu yote. Juu ya kopepodi walikuwepo amfipodi, Themisto gaudichaudii, wanaokula kopepodi, na ambao wenyewe huliwa na ngisi na nyangumi. Kwa jicho la mvuvi, LOHAFEX ilizalisha chakula. Kwa jicho la aliyetaka kuzika kaboni, ilipoteza.

Ripoti kamili, iliyotoka mwaka 2013, Patrick Martin akiwa mwandishi wa kwanza, ilihitimisha kwamba maji yenye naitreti nyingi lakini silika kidogo hayako tayari kupeleka kaboni chini hata yakipewa chuma. Nakubaliana na hitimisho hilo, na nina sababu moja ya ziada ya kulipenda: halisemi silika ni uzito tu. Gamba lina kazi mbili katika kisa hiki. Ya kwanza ni kuongeza kasi, kama wasemavyo wa farumi. Ya pili ni kuamua nani analiwa na nani anabaki mpaka afe kifo chake. Katika EIFEX diatomu walikufa kwa wingi kwa pamoja, wakaanguka wakiwa mabonge. Katika LOHAFEX mwani uliliwa seli kwa seli, kila siku, na haukupata kamwe nafasi ya kufa kwa pamoja. Mimi naona kazi ya pili ilikuwa na uzito kuliko ya kwanza.

Lazima niseme pia kisichothibitishwa na jozi hii. EIFEX na LOHAFEX si majaribio pacha. Miaka ni tofauti, mizunguko ni tofauti, idadi ya walaji haikuwa sawa. Mtu akisema kopepodi ndio waliozuia mlipuko na silika ilisaidia tu, hana wazimu. Ripoti yenyewe inawataja wote wawili. Kinachonifanya niweke silika mbele ni kwamba inaeleza kwa nini walaji walikuta meza imejaa chakula laini.

Gamba nene kupita kiasi

Sasa mtu anaweza kuruka upande wa pili na kusema: kumbe magamba mengi ndiyo dawa. EIFEX yenyewe inamkatalia.

Miongoni mwa diatomu wa Bahari ya Kusini yupo Fragilariopsis kerguelensis. Gamba lake ni nene kiasi kwamba Christian Hamm na wenzake, walipolikandamiza kwa sindano za kioo, waliona linastahimili mgandamizo wa kati ya tani 100 na 700 kwa mita ya mraba kabla ya kuvunjika. Meno ya kopepodi nayo yamewekewa ncha za silika, kwa hiyo ni kioo dhidi ya kioo, na mara nyingi Fragilariopsis ndiye anayeshinda. Ungetarajia mwenye farumi nzito hivi awe bingwa wa kuzamisha kaboni.

Uchambuzi wa Philipp Assmy na wenzake, uliotoka 2013 kutokana na sampuli za EIFEX, unaonyesha kinyume. Kwa kuwa haliwi kirahisi, Fragilariopsis hana sababu ya kukua haraka na kufa kwa makundi. Anadumu juu. Anayekufa huachia kaboni yake kwa bakteria na walaji wa tabaka la juu, na gamba tupu ndilo linaloshuka. Huyu anazamisha silika. Chaetoceros mwenye gamba jembamba, anayeishi kwa pupa na kufa kwa kishindo, ndiye anayezamisha kaboni. Kwenye sakafu ya Bahari ya Kusini upo ukanda mpana wa mashapo ya silika unaoizunguka Antaktika, na magamba ya Fragilariopsis yamejaa humo. Kuyaona magamba hayo na kudhani kila moja lilishuka na mzigo wake wa kaboni ni kosa.

Kuna jambo jingine linalochanganya. Tafiti mbili za mwaka 1998 zilionyesha kwamba diatomu wenye njaa ya chuma hutumia silika nyingi zaidi kwa kila kipimo cha naitrojeni, na magamba yao yanakuwa mazito. Ukiwapa chuma, uwiano unashuka. Kwa hiyo bahari yenye njaa ya chuma inamaliza silika yake kwa kujenga magamba mazito yasiyobeba mengi, na silika hiyo inapotea kilindini bila kuvuka kuelekea kaskazini. Hapo ndipo unapoelewa kwamba upungufu wa silika katika maji kama ya LOHAFEX una uhusiano na uhaba wa chuma kusini zaidi. Madini haya mawili yanashikana kuliko majedwali yanavyoonyesha.

Na chokaa je?

Kama chokaa ni nzito kuliko silika, na kama asilimia 83 ya kaboni ya kilindini inaambatana nayo, mbona wapangaji wa urutubishaji wanataka diatomu badala ya kokolitofori?

Kwa sababu kutengeneza chokaa kunatoa hewa ukaa. Kiumbe anachukua kalisi na bikaboneti kutoka majini, anaweka kalisi kaboneti kwenye gamba, na molekuli moja ya hewa ukaa inabaki majini. Sehemu yake inarejea hewani. Hivyo kokolitofori na foraminifera wana mkono mmoja unaosukuma kaboni ya nyama chini kwa uzito wa gamba, na mkono mwingine unaorudisha gesi juu wakati gamba linajengwa.

Ukubwa wa mkono huo wa pili ulipimwa kuzunguka visiwa vya Crozet, kusini mwa Bahari ya Hindi, ambako chuma kinachotoka visiwani kinarutubisha maji bila msaada wa meli. Ian Salter na wenzake walichapisha mwaka 2014 kwamba chokaa iliyozalishwa katika maji hayo yenye chuma ilipunguza faida ya kufyonza hewa ukaa kwa kati ya asilimia 6 na 32, wakati katika maji yasiyo na chuma jirani yake upungufu ulikuwa asilimia 1 hadi 4. Foraminifera walichangia sehemu kubwa, kwa sababu palipo na mwani mwingi na wanaoula mwani huongezeka. Silika haina gharama hiyo. Gamba la kioo linajengwa bila kutoa gesi.

Hesabu ya silika

Wanaotaka kuzika kaboni wakiambiwa haya huuliza, kwa kawaida, kwa nini basi tusimwage silika pamoja na chuma.

Tuchukulie kipande kilekile cha kilomita za mraba 300, tabaka la juu lililochanganyika lenye kina cha mita 70, na tutake kuipandisha silika kutoka maikromoli 2 hadi 20 kwa lita. Maji ni mita za ujazo bilioni 21. Kila mita ya ujazo inahitaji milimoli 18 za ziada. Jumla ni moli milioni 378, ambazo kwa silikoni tupu ni tani 10,600 hivi, na kwa silika ni zaidi ya tani 22,000. Chuma kilichohitajika mahali hapo kwa awamu moja kilikuwa tani 2.

Tofauti hiyo inatokana na kazi ya kila kimoja. Chuma kinatumika kwa chembe ndogo ndani ya vimeng'enya vya seli, na atomu chache zinatosha kuzalisha kaboni nyingi. Silika ni nyumba nzima, matofali kwa matofali. Ndiyo maana chuma peke yake kiliwahi kufikiriwa kama kitu ambacho binadamu anaweza kukipeleka baharini kwa meli, na ndiyo maana silika italetwa na njia zake za zamani tu: mito, vumbi, na hasa maji ya kilindini yanayopanda kusini zaidi, karibu na Antaktika, kisha kusukumwa kaskazini huku diatomu wakiipunguza maili kwa maili. Yakifika latitudo 48 mwishoni mwa Januari, yameshanyonywa.